Mwaka Nilipopanda Ukoka

Ukimwambia mkulima yeyote wa kwetu Shinyanga kwamba uliwahi kupanda ukoka, atakuuliza kwanza kama ulikuwa mgonjwa. Ukoka haupandwi. Ukoka hung'olewa, hukung'utwa udongo, huanikwa juu ya mawe mpaka ukauke, kisha huchomwa, na hata hapo mtu mwangalifu hulitazama lile jivu mara ya pili. Baba yangu alikuwa akiuokota kipande kwa kipande nyuma ya jembe na kuutia mfukoni mwa kaptula, asije akauangusha njiani ukaota kwingine. Mimi mwanawe niliupanda kwa mikono yangu, kwa kamba na vijiti ili mistari inyooke, nikaumwagilia kiangazi kizima, na nusura unikoseshe mke.

Nina miaka ishirini na saba sasa. Wakati ule nilikuwa na ishirini na tatu, karani wa stoo katika mgodi wa dhahabu kule Geita. Shule nilisoma miaka miwili tu. Mengine nilijifunza mwenyewe, kwa magazeti yaliyofungiwa sabuni na kwa maandishi ya ubavuni mwa masanduku. Mtu aliyejifunza mwenyewe ana hofu moja ambayo waliofundishwa hawana: hajui ni wapi hasa alipokosea, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwekea alama ya kosa. Basi hurudia. Nilikuwa naandika lebo ya sanduku, naibandua, naiandika upya. Nikiketi kula, nainuka kwenda kuona kama mlango umefungwa, na mlango wenyewe nauona pale nilipoketi. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani nilipanda majani kwa sababu ya kupenda majani.

Nilipanda kwa sababu ya ukuta.

Wafanyakazi tuliotaka kujijengea tulipewa viwanja kwenye mteremko chini ya kambi. Nilijenga chumba na sebule kwa matofali mabichi, nikaezeka, nikapaka chokaa. Nilipaka mara mbili, kisha mara ya tatu upande wa mbele, kwa kuwa jua la saa kumi lilinionyesha alama za brashi. Nyumba ikawa nyeupe kuliko zote mteremkoni. Halafu mvua za mwanzo zikaja. Udongo wa pale ni mwekundu, na uwanja wangu ulikuwa mtupu kama uwanja wa mtu yeyote mwenye heshima zake. Kila tone lilipopiga chini liliruka na matope yake. Mvua moja tu, na ukuta wangu ulikuwa mwekundu mpaka kiunoni, kama mtu aliyevuka mto wa damu.

Nilipaka tena. Mvua ikanyesha tena. Nilipaka mara nne mwezi ule, na jirani yangu, mchimbaji wa chini aliyekuwa akitoka zamu ya usiku wakati mimi nikienda kazini, alikuwa akisimama na kofia yake ya chuma mkononi kunitazama.

"Karani," alisema asubuhi moja, "nyumba yako inavaa kanzu kila siku. Lini itapata suruali?"

Suruali niliipata katika karatasi moja ya serikali iliyokuja stoo ikiwa imezibia pengo ndani ya sanduku. Ilikuwa imeandikwa kwa ajili ya wakulima, juu ya matuta na mmomonyoko, jambo ambalo Mabwana Shamba walikuwa wakiwasumbulia watu Usukuma nzima miaka ile. Ilishauri udongo usiachwe wazi. Mtu aliyefundishwa angejua inasemwa juu ya mashamba. Mimi niliisoma nikaona inasemwa juu yangu.

Nilianza na matembele, kwa sababu yanatambaa haraka na mbegu ni kukata tu na kuchomeka. Katika wiki sita uwanja ulifunikwa. Lakini matembele ni mboga, na mboga iliyo mbele ya nyumba ya mwanamume asiye na mke ni mboga ya kijiji. Wanawake walichuma wakipita, kwa haki kabisa, wakinisalimia huku wanachuma, na kila aliyemaliza aliacha pengo mahali pasipo na mpango wowote. Kama wangechuma kwa mstari ningevumilia. Niliyang'oa yote siku moja ya Jumapili na nikaonekana mchoyo.

Kisha nikajaribu lile jani la majimaji lenye ua dogo la buluu, linaloota kandokando ya visima. Ni zuri. Kila kifundo kinachogusa ardhi kinatoa mizizi. Ila jua la Januari lilipolipiga wiki moja bila mvua lililala chini likawa kama mboga iliyopikwa, na chini yake nikakuta konokono.

Jibu nilipewa na mtunza bustani wa nyumba ya meneja, siku nilipompelekea ndoo mpya. Mbele ya nyumba ile palikuwa na zulia la kijani, fupi, sawasawa, lisilo na hata doa. Nilisimama nikasahau ndoo.

"Mzee, hii mbegu imetoka Ulaya?"

Akanitazama kama mtu anayetafakari kama ninamdhihaki. "Hii? Ni ukoka tu, kijana. Ila umenyolewa."

Sikulala vizuri kwa siku kadhaa. Nilikwenda kijitoni, mahali wanawake wanapofulia, ambapo ukoka umekanyagwa na kuliwa na mbuzi mpaka umekuwa mwembamba na mlaini. Nilichagua huo, si ule mnene wa mashambani. Nilikata vipande vyenye vifundo viwili viwili, nikavifukia kina cha kidole kimoja, nikaacha shubiri moja kati ya kipande na kipande. Kwa kuwa shubiri yangu haikuwa sawa asubuhi na jioni, nilikata kijiti cha kupimia.

Sitadanganya: ile ilikuwa kazi niliyoiweza kuliko zote maishani mwangu. Niliung'olea magugu kila jioni kabla hayajatoa jani la tatu. Mbigili nilizitoa kwa ncha ya kisu. Ulipofungamana niliupunguza kwa mundu, kisha nikapiga magoti na mkasi nikarekebisha pale mundu uliporuka. Mvua za Machi zilipokuja nilisimama mlangoni nikiutazama ukuta. Zilipiga, zikapiga, maji yakateremka safi kati ya majani, na ukuta ukabaki mweupe mpaka chini kabisa.

Mwingine angeketi akafurahi. Mimi niliona kwamba pembe ya kulia ilikuwa imefifia rangi kidogo kuliko ya kushoto.

Kiangazi kilipofika mteremko mzima ulikauka ukawa rangi ya ngozi ya simba, isipokuwa mbele ya nyumba yangu. Nilibeba maji kwa mzega, debe mbele na debe nyuma, safari tatu kila siku baada ya kazi. Sikumruhusu mtu kukanyaga. Niliacha kijia pembeni, chini ya ukuta, upana wa mguu mmoja, na mwenyewe nilipita huko kwa ubavu. Jirani yangu alianza kuusalimia ukoka kabla ya kunisalimia mimi.

"Shikamoo, ukoka!" alipaza sauti kutoka barabarani. "Huyu kijana wako amekula leo?"

Mkewe hakucheka. Ukoka haujui mpaka wa kiwanja, na ulikuwa umeanza kupita chini ya boma lao la miti kwenda kwenye matuta yake ya viazi. Aliung'oa akanirushia juu ya boma. "Mwanao alilala kwangu tena," alisema. "Mfunge kamba." Tangu siku hiyo nilikuwa nazunguka boma asubuhi na jioni, nikichimba mfereji, nikikata ncha zinazovuka. Hapakuwa na saa niliyoketi. Nadhani nilikuwa na furaha, lakini sikuwa na nafasi ya kuthibitisha.

Na katika miezi hiyohiyo nilikuwa nimepata mchumba.

Alikuwa akija na baba yake kambini siku za gulio, kutoka kijiji kilicho mwendo wa nusu siku, wakiuza kuku na viazi. Mara ya kwanza nilipomwona alikuwa amewafunga kuku wake, mmoja kwa kamba ya katani, mwingine kwa kitambaa, na wa tatu alikuwa amemshika tu kwapani. Kitu kama hicho kingenitoa jasho. Lakini alikuwa anacheka na yule kuku, na nilipoongea naye nikagundua baadaye, njiani kurudi, kwamba muda wote ule sikuwa nimegusa vifungo vya shati langu kuona kama vimefungwa sawa. Hilo halijawahi kunitokea kwa mtu mwingine. Nilituma mshenga. Jibu likarudi kwamba yeye mwenyewe hakatai, na kwamba kabla ya kuzungumza habari ya ng'ombe, watu wake watakuja kuona anakokwenda kukaa. Kwetu mama wa binti haji kwa mkwe, ni aibu kwa pande zote mbili, kwa hiyo angekuja baba pamoja na dada yake, shangazi wa binti.

Wiki ile sikufanya chochote isipokuwa uwanja. Niliukata wote kwa mkasi. Niliokota majani makavu moja moja. Pembe ya kulia niliimwagia maji mara mbili zaidi. Nyumba ndani sikuigusa. Ndani palikuwa safi siku zote. Nilikuwa na uhakika kwamba watakapofika kwenye mpindo wa njia na kuona kijani kile katikati ya vumbi la Septemba, watasimama kwa mshangao.

Walisimama kweli.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, shangazi."

"Marahaba," walijibu, wote wawili wakitazama chini.

Walikuwa wametembea tangu alfajiri. Miguu ya shangazi ilikuwa ya vumbi mpaka magotini. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona unyayo wake ukiinuka kukanyaga mahali nilipokuwa nimekata jana yake, na mdomo wangu ukasema kabla yangu: "Samahani, shangazi. Pitieni huku pembeni."

Akaushusha mguu. Akapita pembeni kwa ubavu, mkono mmoja ukijishikilia kwenye ukuta wangu mweupe.

Baba hakupita popote. Alichuchumaa, akaingiza ncha ya fimbo yake chini ya majani, akanyanyua. Kitambazi kimoja kikainuka, kirefu, cheupe chini, chenye vifundo. Akakitazama kama mtu aliyekutana na mdeni wake ugenini.

"Huu ni ukoka."

"Ndiyo, baba."

"Umekushinda?"

"Hapana, baba. Nimeupanda."

"Umeupanda," alisema. "Umeupanda wewe."

"Kuzuia matope yasirukie ukuta, baba. Unapunguzwa kwa mundu, halafu unamwagiliwa maji kila..."

"Unaumwagilia!" Akamgeukia dada yake. "Umesikia? Anaunywesha." Akainuka kwa shida, mkono kiunoni. "Kijana, kiuno hiki unachokiona kimepinda hivi kwa ajili ya huu. Marehemu baba yangu alihama shamba kwa ajili ya huu. Ningemkuta mlevi hapa ningezungumza naye, mlevi hulevuka." Alipiga hatua kurudi njiani. "Maji umebeba mwenyewe?"

"Mwenyewe, baba. Kwa mzega."

"Kwa mzega," alisema, na nilijua hapo kwamba kila neno nililoongeza lilikuwa linanichimbia. "Asante kwa kutupokea. Mtoto wetu hataolewa hapa."

Niliwapa maji ya kunywa, wakayanywa wamesimama, wakaondoka. Chakula nilichopikisha kilibaki. Jirani yangu, aliyekuwa ameona yote akiwa kwenye kivuli cha paa lake, mara hii hakuusalimia ukoka.

"Karani," alisema kwa upole, "wakulima wale."

"Najua ni wakulima."

"Basi ungepanda hata mawe."

Kesho yake nilianza kuung'oa. Hakuna aliyeniambia nifanye hivyo. Lakini mimi nilipokosea huwa najua dawa moja tu, kufuta mpaka pasionekane kwamba paliandikwa. Nilidhani nikiutoa wote, wote kabisa, nitaweza kutuma mshenga tena niseme, njooni mwone, hapana hata uzi.

Ukoka uliomwagiliwa miezi mingi una mizizi ya kukatisha tamaa. Nilichimba kina cha mkono, nikakuta vitambazi vyeupe vikiendelea chini. Jembe lilivikata, na kila kipande kilichokatika ni mmea mpya, kila mtoto wa kwetu anajua. Jembe halikufaa basi. Nilitafuta wavu wa waya uliochakaa, nikaugongomea kwenye fremu ya mbao, nikawa nachota udongo kwa sepetu, nauchekecha, naokota vipande kwa vidole, naweka kwenye kapu. Udongo uliochekechwa niliurundika upande mmoja, usiochekechwa upande wa pili. Niliomba likizo ya siku kumi, nikafanya kazi hiyo tangu mwanga hata giza.

Sasa fikiria jambo ambalo mimi sikulifikiria. Ni Geita. Mteremko uko chini ya mgodi. Kijana wa stoo, asiye na mazungumzo na watu, ameomba likizo ghafla, na anachekecha udongo wa uwanja wake kuanzia alfajiri, akiinama kuokota vitu vidogo sana kwa ncha za vidole na kuvificha kapuni.

Siku ya pili watu wawili walipita polepole. Siku ya tatu walipita watu kumi, wengine mara mbili. Siku ya nne jirani alikuja bomani akanong'ona, "Karani, sisi ni ndugu. Mshipa unaelekea wapi? Kwangu au kwa yule mlevi wa kiwanja cha juu?"

"Mshipa gani?"

"Sawa," akasema, akakonyeza jicho. "Sijauliza."

Siku ya tano nilipoamka nilikuta mashimo matatu nje ya mpaka wangu na mtu nisiyemjua ndani ya mojawapo. Mke wa jirani alikuwa anang'oa viazi vyake kabla ya wakati, anaupepeta ule udongo kwenye ungo. "Na sisi tuna macho," aliniambia. Mchana huo akaja askari wa mgodi na mwenzake. Miaka ile kukutwa na dhahabu isiyo na kibali kulikuwa si mchezo, na mimi ni mtu wa stoo, mikono yangu inashika funguo. Sikuwa nimefanya lolote, na bado nilianza kujiuliza kama nimefanya.

"Kapu hilo lina nini?"

"Ukoka, afande."

"Unachekecha ukoka."

"Ndiyo, afande."

"Kwa nini?"

"Baba wa mchumba wangu hakuupenda."

Walitazamana. Wakamwaga kapu chini, wakapekua mzizi kwa mzizi. Wakafungua kapu la pili, na la tatu. Wakachukua udongo wangu mkono mmoja, wakauosha ndani ya karai, wakauzungusha, wakatazama chini ya karai kwa muda mrefu. Watu walikuwa wamejaa barabarani. Mwishowe yule mkubwa akajipangusa mikono, akaniambia kwa sauti ambayo sitaisahau, kwa kuwa ilikuwa ya huruma hasa: "Bwana mdogo, huyo msichana ana dada zake? Tafuta mwingine. Utajiua."

Mashimo yalifukiwa. Kicheko hakikufukika. Na habari, kama ilivyo kawaida ya habari za dhahabu, iliondoka kambini ikiwa na miguu minne. Ilipofika kijijini kwa mchumba wangu nusu yake ilisema nimetajirika na nusu ilisema nimefungwa.

Ndipo shangazi akaja, peke yake, siku ya mwisho ya likizo yangu.

Nilikuwa nimemaliza. Uwanja ulikuwa mtupu, umesawazishwa kwa ubao, mwekundu, laini kama unga uliopepetwa, hauna alama yoyote. Alikuja moja kwa moja katikati akiacha nyayo zake nyuma, kikapu cha karanga mkononi. Nilizitazama zile nyayo. Mdomo mara hii niliuuma.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wanasema umepata dhahabu."

"Sijapata, shangazi."

"Wanasema umefungwa."

"Sijafungwa."

"Basi umefanya nini?"

"Nimeng'oa ukoka wote. Kama baba alivyosema."

"Kaka yangu hakusema ung'oe. Alisema huoi." Akatazama huku na huku, uwanja mzima. "Na hapa pia mtu apite pembeni?"

Niliona uso wangu unawaka.

"Kaka yangu aliudhiwa na majani," alisema. "Mimi majani ni majani. Niliudhiwa kwa ajili ya miguu yangu. Natembea tangu alfajiri, nafika kwa watu, naambiwa pita pembeni kama kuku aliyekuja kula mtama. Nikasema moyoni, binti yetu ataishi hapa akinyanyua miguu kama korongo. Lete kiti. Na cha kwako."

Nilileta viti viwili. Akaketi palepale katikati, akachukua kikapu magotini, akaanza kubangua karanga. Alitupa maganda chini. Hakuyatupa mahali pamoja. Alitupa kushoto, kulia, mbele, nyuma ya bega. Alikuwa ananitazama mimi, si karanga. Nikajua, na alijua kwamba najua.

"Kula, ng'wanawane, mwanangu."

Nilikula. Ganda la kwanza nilibaki nalo mkononi.

"Ganda ni la kushika?"

Nikaliachia. Likaanguka karibu na kidole changu cha mguu, peke yake, limesimama upande. Nilivumilia kwa muda ambao kwangu ulikuwa mrefu. Kisha kidole kikalisukuma mpaka likalala sambamba na jingine.

"Umelipanga!" Alipiga kofi paja lake. "Nimekuona! Mguu wako una akili zake!"

"Samahani, shangazi."

"Usiombe samahani, kaa." Aliendelea kubangua, na kicheko kilipomwisha uso wake ukawa wa kazi. "Nikueleze huyo unayemtaka. Hamalizi kitu. Anaanza mkeka, anauacha mlangoni na ukindu umetawanyika, anakwenda kucheka na wenzake. Jembe lake linalala shambani. Ukimtuma chumvi anarudi na habari. Mama yake amefokea mpaka amechoka. Utamfanya nini?"

Nilikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimeliandaa kwa miezi, lenye maneno ya subira na upendo. Nikafungua mdomo, nikaona maganda yote yale kuzunguka miguu yangu, na jibu likapotea.

"Sijui, shangazi. Nitainuka nitoke nje."

"Kama tayari uko nje?"

"Nitaingia ndani."

"Utampiga?"

"Hapana."

"Utafoka?"

Nikafikiri. "Nadhani nitafoka. Halafu nitaona aibu, nitakwenda kuumaliza ule mkeka mwenyewe."

"Mwanamume asuke mkeka!"

"Nitajifunza."

"Angalau hukuniapia," alisema, akanipa konzi nyingine ya karanga.

Tulikaa hivyo mpaka kikapu kikaisha. Mikono yangu niliikalia. Kuku wa jirani alikuja akachakura udongo wangu uliochekechwa siku kumi, akafanya shimo, akajilaza ndani kujipaka vumbi, na mimi nikabaki kitini. Kama kuna kazi ngumu zaidi niliyowahi kuifanya siikumbuki. Shangazi alipoinuka kuondoka nilimwambia kwamba kuna ncha moja ya ukoka nimeiona asubuhi, kule pembeni, nimeiacha kwa kukosa muda, asije akamwambia kaka yake kwamba umekwisha halafu aonekane mwongo.

"Nitamwambia hakuna dhahabu," alijibu. "Hayo mengine aje ayaone mwenyewe. Atakupa jembe."

Baba alikuja kweli, baada ya wiki mbili, na jembe. Hakuniambia neno juu ya ndoa. Alizunguka kiwanja changu kizima ameinama, akatoa vipande saba, akavihesabu mbele yangu kimojakimoja kwenye kiganja. Kisha akakanyaga katikati ya uwanja kwa makusudi, nyayo mbili nzito, akanitazama. Niliketi. Habari ya ng'ombe ilizungumzwa mwezi uliofuata.

Mke wangu alifika na mvua. Hakupanda chochote mbele ya nyumba. Alikata boga, akatupa mbegu nje ya mlango pamoja na maji ya kuoshea, na zikaota zenyewe, na kila mwaka huota tena, kumi na kitu, bila mstari wala nafasi. Majani ya maboga ni mapana kama sahani, tone la mvua likiyapiga halifiki chini. Mahali yalipofunika, ukuta ni mweupe. Mahali yasipofunika ni mwekundu mpaka kiunoni, kwa hiyo ukuta wangu sasa una mabaka kama ng'ombe. Nilimwambia kwamba kitambazi kikigeuzwa ncha kingali kichanga kinaweza kuelekezwa pale penye pengo. Alisema mmea wa maboga ukishikwashikwa hauzai.

Sijui kama ni kweli. Nimeuliza watu watatu na nimepata majibu matatu. Ninapoandika haya yeye amekwenda kisimani, mkeka wake wa nusu uko chini ya meza yangu, na kitambazi kimoja cha boga kimevuka kizingiti tangu jana na kuingia ndani shubiri nzima, na ncha yake imenyanyuka kama inatafuta pa kushika. Mara mbili nimeinuka. Mara mbili nimerudi kuketi.